Ini la Ndama wa Burungu

Jumatatu, 5 Juni

Chanjo Burungu tangu asubuhi. Ng'ombe thelathini na mmoja, teke moja, la paja. Nafunga sanduku, Papa Bahati akaniita nimwone ndama wake wa wiki tano. Mdogo kuliko wenzake. Anazunguka upande wa kushoto, kisha anasukuma kichwa kwenye ukuta wa zizi. Haoni vizuri. Homa hana. Nikasema ni ugonjwa wa kupe. Nikapiga sindano, nikaagiza asinyonye hadi kesho, tumbo lipumzike.

Jumanne, 6 Juni

Amepona! Anatembea sawasawa, macho yanaona. Sindano moja tu. Papa Bahati ametangaza kilima kizima: "Dokta Kavira njo dokta ya kweli." Nimerudi kichwa kimevimba. Nikampigia baba, yuko Mubi na duka lake. Tangu niikimbie kaunta yake nikasomee mifugo, huniuliza kama ng'ombe wananisalimia. Leo hakuuliza. Alicheka tu. Ilinitosha.

Alhamisi, 8 Juni

Ndama amerudiwa na ugonjwa, vibaya zaidi. Mate yanamtoka. Anagonga ukuta. Aibu.

Tena kuna jambo baya kuliko aibu. Papa Bahati anasema ni sumu, na aliyeileta ni Mama Furaha, mjane anayelima maharagwe chini ya zizi, kwenye ardhi ya Papa Bahati. Kila mavuno Mama Furaha hupandisha maganda ya maharagwe kwa ng'ombe, akishuka anabeba samadi. Miaka tisa hivyo. Leo akaambiwa: "Maganda yako iko na sumu. Utoke mu shamba yangu mbele ya siku ya Mungu." Yaani kabla ya Jumapili.

Hakulia. Alisema tu, "Papa, niko na watoto ine. Nitalima wapi?"

Na mimi dokta nikasimama pale kimya kama kigingi. Najichukia.

Ijumaa, 9 Juni

Asubuhi na mapema nilisoma upya daftari hili. Jumatatu niliagiza asinyonye. Jumanne akapona. Kumbe haikuwa sindano yangu. Ilikuwa njaa!

Nimeshinda zizini na saa mkononi. Kabla ya kunyonya: amesimama vizuri, ananiangalia. Akanyonya. Baada ya saa mbili: mzunguko, kichwa ukutani. Jioni vilevile.

Na ndama bado hajaanza kula maganda. Anayeyala ni mama yake, na maziwa ya mama yake watoto wa Papa Bahati wanayanywa kila siku. Wanarukaruka tu. Si sumu.

Nadhani ni ini. Damu ya matumboni hupita kwenye ini ikasafishwa. Huyu labda alizaliwa na mshipa wa njia ya mkato, uchafu wa chakula unakwenda moja kwa moja ubongoni. Shuleni tatizo hili tulilisoma ukurasa mmoja. Kwa macho sijawahi kuliona. Dawa yake sina.

Jumamosi, 10 Juni

Ndama amekufa asubuhi. Papa Bahati alitaka kumzika. Nikamwomba nimpasue, mbele ya majirani, Mama Furaha akiwapo. Nikasema nikikuta ini zima, nitatamka mwenyewe kwamba mimi si dokta. Sijui ulimi huu niliutoa wapi.

Ini lilikuwa dogo, linaenea kiganjani. La ndama wa umri ule linajaza mikono miwili. Nikavuta dawa ya bluu ya vidonda, nikaisukuma kwenye mshipa utokao matumboni. Bluu ikapita kando ya ini, ikatokea kwenye mshipa mkubwa uendao moyoni. Ini likabaki na rangi yake, bluu kidogo tu pembeni; nikawaambia la ndama mzima lingejaa bluu lote.

Papa Bahati akaomba bomba la sindano, akasukuma mwenyewe. Mara mbili. Halafu: "Alizaliwa nayo hivi. Hakuna muntu alimufanya kitu." Akamgeukia mjane, watu wote wakisikia: "Mama Furaha, unisamehe. Shamba iko yako ya kulima."

Nikawaambia pia kwamba sindano yangu ya Jumatatu haikuponya chochote. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupasua.

Najivuna. Naandika tena, hakuna anayesoma: najivuna.

Jumatano, 14 Juni

Mvua. Baba amepiga simu mwenyewe, jambo la nadra. Alitaka nimweleze ule mshipa polepole, kwa sababu madereva wa malori wanaopita dukani hawamwamini. Nimemweleza mara tatu.

Nimepita Burungu kutazama ng'ombe wengine wa Papa Bahati. Wazima. Mama Furaha alikuwa anapanda kilima na mzigo wa maganda kichwani. Papa Bahati akatoka zizini, akamtua. Wakamwaga pamoja. Mama wa yule ndama alikuwa wa kwanza kula.