Siku Niliyomsimamisha Baba Mirjam

Husby, Ijumaa, mwisho wa Septemba 2009. Mvua ya leo ni kama mzee mmoja ninayemhudumia kazini, wa chumba cha mwisho, siku ya kuoga: anakuja, haji, anakuja, haji. Sina zamu. Afadhali ningekuwa nayo, maana mtu akibadilisha shuka hapati nafasi ya kufikiri.

Mirjam hakuja shuleni leo.

Neema, binti yangu, ndiye aliyenipa habari hiyo kwa simu wakati wa mapumziko, kisha akakata. Wamekuwa wakikaa dawati moja tangu Mirjam ahamie hapa. Sasa dawati lina mtu mmoja, na aliyesababisha ni mimi, mwenyekiti wa baraza la wazazi.

Uenyekiti wenyewe sikuutafuta. Katika nchi hii ukinyamaza kwenye kikao na ukala keki mbili, unachaguliwa. Nilikuja Sweden kusoma uchumi. Leo nahudumia wazee Kista na kuongoza vikao kwa Kiswidi kinachochechemea. Mama yangu kule Voi anaamini mimi ni kitu kama diwani. Sijamsahihisha.

Basi, jana jioni tulikuwa na kikao. Idd ilikuwa Jumapili iliyopita, na Jumatatu nusu ya viti vya shule vilikuwa vitupu. Mama Sahra, Msomali mmoja mwenye sauti ya kupendeza na hoja zisizopendeza kujibiwa, aliuliza kwa nini watoto wao waombe ruhusa kila mwaka kama wezi, wakati Krismasi na Pasaka shule inafungwa bila mtu kuomba. Mwalimu mkuu akavua miwani. Akasema tukifunga shule kwa ajili ya Idd, itabidi tuifunge na sikukuu za Wayahudi, na hiyo haina maana, kwa sababu Wayahudi hatuna hapa shuleni.

Nikasema, "Wapo!"

Tena nilisema kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua kwa mara ya kwanza maishani. Na sikuishia hapo. Ningeishia hapo, pengine yangepita. Nikafanya kile tunachofanya kwetu kwenye kila kikao, arusi na matanga: nikatambulisha wageni. "Baba Mirjam yuko nasi. Jumatatu wana Yom Kippur, siku yao ya kufunga na kutubu. Baba Mirjam, simama kidogo tukuone. Tumpigie makofi!"

Nikaanza kupiga makofi.

Nilipiga peke yangu, mara tatu hivi, kisha nikaacha.

Kule Voi, Idd ilipofika shule ilifungwa, na sisi wana wa kanisani ndio tulioshangilia zaidi, kwa sababu ya pilau ya majirani. Mtu wa dini nyingine alisimama, akapigiwa makofi, akaketi. Hakukuwa na la ziada. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna ukumbi ambamo kusimamishwa ni kuonyeshwa kidole.

Baba Mirjam, jina lake Daniel, aliinuka nusu. Ni dereva wa treni za chini ya ardhi, mtu mrefu, mkimya. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi. Nyuma kabisa, baba mmoja akacheka na kusema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe! Ndiyo maana treni zinachelewa."

Watu wawili watatu wakacheka naye. Wengine wakatazama vikombe vyao.

"Funga mdomo, wewe," Mama Sahra akamgeukia. "Umekuja kwa ajili ya mtoto wako au kwa ajili ya keki?"

Daniel akasema maneno machache tu. Hakuomba shule ifungwe. Aliomba Jumatatu binti yake asiandikwe mtoro, basi. Akaketi. Mwalimu mkuu akaahirisha jambo lote hadi kikao kijacho, na mimi nikafunga kikao nikiwa nimesahau hata kushukuru waliooka keki.

Nilimkimbilia Daniel nje. Nilitegemea anitukane, ingenisaidia.

"Bwana Mwakio, wewe ni mtu mwema," akasema. "Lakini hukuniuliza."

Akanieleza. Katika shule ya kwanza ya Mirjam, upande mwingine wa mji, wenzake walijua. Wakaanza na utani, wakaishia kumtemea mate. Familia ikahama. Hapa, kila anapoomba ruhusa, huandika "mambo ya kifamilia." Mirjam alimwambia mtu mmoja tu ukweli: Neema. Na Neema akanidokezea mimi, baba yake, kwa siri, akinieleza kwa nini rafiki yake hatakuwepo Jumatatu.

Nyumbani Neema alinitazama kama mtu nisiyemfahamu. Akasema kwa Kiswidi sentensi moja, kwamba hataniambia kitu tena. Mama Neema, ambaye ni wa Bukavu na hana desturi ya kunipamba, alitikisa kichwa. "Baba Neema, mdomo yako haina mulango. Haina hata pazia."

Kweli tupu.

Tangu asubuhi nabishana na nafsi yangu. Je, shule ifungwe siku za Wayahudi? Saa nyingine nasema ndiyo, ifungwe kabisa. Ikifungwa, Mirjam atalala nyumbani kama wengine, na baba yake hataandika sababu, ya kweli wala ya uongo. Aliyeweka Krismasi kwenye kalenda hajawahi kuniuliza sababu. Kisha nageuka. Shule nzima ikifungwa kwa ajili ya mtoto mmoja, si kila mtu atauliza ni yupi? Nikafikiri, tufungue siku zote, hata Krismasi, tuumie sawasawa. Hapo nikajiona nimeanza kuongea kama mwalimu mkuu.

Sijui. Ninachojua ni kwamba mzazi akiona ni salama zaidi kuandika uongo, tatizo letu halikuanza na kalenda.

Neema amerudi sasa hivi kutoka kwa kina Mirjam, viatu vimelowa. Kwa mara ya kwanza tangu jana amenisemesha, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya akiumwa au akitaka kitu. "Wazazi wake wanataka ahame tena. Yeye hataki. Wataamua baada ya mfungo." Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango, na hilo limenitisha zaidi.

Baadaye kidogo ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Ni Daniel.

"Mirjam anasema Jumanne anarudi shuleni, na ataliambia darasa mwenyewe. Mama yake analia. Mimi sijakubali bado."

Nimeandika jibu refu. Lilikuwa na samahani tano, mstari wa Zaburi, ahadi ya kumkalisha yule baba wa nyuma chini, na pendekezo la shule kufungwa. Jibu zuri, lenye hotuba ndani yake. Nikalifuta.

Nimemuuliza tu, "Ungependa nifanye nini?" Nikatuma haraka, kabla sijaongeza neno.

Mfungo wao utaanza Jumapili jua likizama. Nimeitwa chakulani mara mbili. Daniel hajajibu, na mimi, Mungu wangu, sijui kama nina haki ya kumwomba ajibu.