Albamu Nilizozizima kwa Heshima

Jumapili jioni, Julai. Baridi inauma, mawingu yametanda tangu asubuhi, lakini mvua hakuna.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha. Wiki nzima nimekuwa nikichomelea madirisha huko Soweto East, hapa Nairobi, macho yanawasha na mgongo umekataa kunyooka.

Kwa kawaida ningekuwa na dawa yangu. Watu hunishangaa: "Nafula, unagonga chuma mchana kutwa, jioni bado unataka kelele?" Ndiyo, nataka. Kelele za mchana ni za mwenye kazi. Za jioni ni zangu.

Kuna albamu tatu ninazozipenda kuliko zote, na zote ziko kwa flash moja ninayoichomeka kwenye redio. Moja ni roki ngumu ya zamani, mwimbaji sauti imemkauka kama mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia timu inayofungwa. Hiyo ni ya kusongea ugali. Nyingine ni ya vijana wa hapa hapa Nairobi. Wamerekodi vibaya, ngoma zinafunika kila kitu, lakini hasira yao naijua: maji kukatika, kufutwa kazi bila kuelezwa kwa nini.

Halafu kuna ile ya tatu. Hiyo ndiyo roho yangu. Ni nzito, polepole, magita yanajikokota, na yule jamaa hata haimbi, ananguruma. Sielewi neno hata moja. Lakini nikiisikiliza, kitu kilichonikaba kifuani hulegea. Mimi si mtu wa kutoa machozi, hata nikiwa peke yangu. Yule jamaa hunililia.

Sasa tangu masika zote zimenyamaza.

Hapa Mashimoni, nyumba yangu na ya Baba Otis zinatenganishwa na bati moja tu. Mzee huyo alichukia muziki wangu, wacha tu! Nikiweka, anagonga bati, ko ko ko! "Nafula, punguza huyo shetani wako!" Napunguza kidogo, kesho yake tunacheka kwenye foleni ya maji.

Baba Otis alifariki mvua zikianza. Mkewe, Mama Otis, akampeleka kwao, upande wa ziwa, akamzika, akawaacha watoto kwa nyanya yao, akarudi peke yake kuuza omena, dagaa wa ziwani.

Kwa ploti yetu mtu akitoka kuzika, kila nyumba hupunguza redio. Hakuna anayeambiwa. Mimi, kwa kuwa muziki wangu ni balaa hata kwa mtu mwenye raha, nikazima kabisa. Nikajiona nina adabu kweli kweli. Na kwa kuwa upande ule kulikuwa kimya, nikadhani anapata nafuu.

Leo baada ya chakula cha mchana amesimama mlangoni kwangu, amejifunga leso, mikono kiunoni.

"Kwani redio yako imeharibika?"

"Hapana, Mama Otis. Ningekupigiaje kelele na uko na msiba?"

Akafyonza.

"Nani alikuambia nataka kimya? Hapa nikipenga kamasi tu, yule wa mlango wa kwanza analeta uji. Nikilia kidogo, wale wa kanisa wanajaa kwa nyumba, wananiimbia, wananiambia nijikaze, mpaka nainuka nawapikia chai. Huko nyumbani nilipiga nduru mpaka sauti ikaisha. Niliporudi hapa nikawa nalia mvua ikipiga mabati. Sasa mvua imeisha, Nafula. Tangu iishe sijamlilia mume wangu."

Jamani, bati moja tu kati yetu, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

"Weka ile ya mtu wa kunguruma," akasema akigeuka kwenda. "Ile marehemu aliichukia zaidi."

Nikaweka. Mwanzoni chini chini, maana bado niliona aibu, na Jumapili yenyewe. Yule wa mlango wa kwanza akatoa kichwa nje, akanikata jicho, akarudi ndani. Magita yakaanza kujikokota. Nikakaa kitandani, mikono juu ya magoti, nikiangalia bati.

Likagongwa. Ko ko ko!

Mkono wangu ukaenda wenyewe kupunguza. Mazoea. Kwa dakika hiyo nilisahau kabisa kwamba mzee hayupo.

"Ongeza!" Mama Otis akapaza sauti kutoka upande ule, na sauti tayari imeshaanza kukatika.

Nikaongeza mpaka mwisho. Vikombe vikatetemeka kwenye rafu. Kutoka hapo sikumsikia tena, hata kidogo, na hivyo ndivyo alivyotaka.

Na yeye hakunisikia mimi. Kumbe nilikuwa nayo, machozi. Kumbe na mimi nilikuwa namkosa yule mzee na ugomvi wake.

Naandika haya huku bati likiendelea kutetemeka. Kesho kuna madirisha mengine, na nikifika nyumbani nitaweka hii kwanza, kabla hata sijavua buti. Sasa wimbo wa mwisho unaelekea kuisha. Kidole kiko kwenye kitufe cha redio, niirudishe albamu mwanzo kabla kimya hakijamfikia Mama Otis.