Kasri Saba kwa Siku Tatu

Kipkelion, Aprili 1996

Chebet wangu,

Chamgei. Huku nyumbani hatujambo. Mvua imerudi, chai inachipuka, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Anayeandika ni mama yako, lakini maneno ni yangu mimi, nyanya yako. Macho yangu siku hizi yana ukungu.

Umeuliza kama utaweza kumaliza kutembelea kasri saba kwa siku tatu, huko kando ya mto wa Wajerumani, kabla masomo hayajaanza. Mimi nilipokwenda Kisumu mara ya kwanza kuona ziwa, baba alinipandisha treni Fort Ternan, akaniagiza nishike majina ya stesheni zote nisije nikapotea. Nikayashika: Koru, Muhoroni, Chemelil, mpaka mwisho. Hata shangazi aliyenipokea huko aliponisimamisha kando ya maji, midomo yangu ilikuwa bado inarudia stesheni.

Niliporudi nilimsomea kogo, nyanya yangu, majina yote bila kukosea. Kogo alikuwa kipofu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Na hayo maji yana harufu gani?"

Nikaanza kumtajia stesheni upya. Akasema, "Haya, umechoka," akanimiminia mursik, maziwa ya kibuyu.

Basi panga unavyotaka, miguu ni yako. Picha usihangaike kuniletea. Lakini ukifika nyumbani utakaa hapa karibu nami, na nitakuuliza mto ule una harufu gani.

Ni mimi, kogo wako.