Nguzo ya Ghala Niliyoiacha

Mhunze, asubuhi ya siku ya ngoma

Baba Kulwa,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila salamu.

Leo alasiri tunashindana kucheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, na wale wa ng'ambo ya mto. Tangu tukuzike yamepita mavuno mawili, na jembe lako la kuchezea ninalo mimi. Mimi ndiye ningi sasa, kiongozi wa kundi, na goti langu la kulia limevimba. Naogopa, mwalimu wangu. Naogopa kweli.

Unakumbuka uliponipokea? Nilikuwa nimetoka machimbo ya Geita, magoti yanalia kwa kupanda na kushuka ngazi za shimoni. Nilitaka unifundishe kuruka. Ukaniegemeza mgongo kwenye nguzo ya ghala, ukaniamuru nishuke kama ninayekalia kiti kisichokuwepo, nibaki hapo mpaka umalize wimbo. Na wewe, mzee mtundu, ukifika mwisho ulirudia kiitikio! Mapaja yakitetemeka uliniambia, "Acha yalie hayo, goti lipumzike." Halafu twende kichuguuni: kupanda, kushuka taratibu mguu mmoja mmoja, goti lifuate vidole, lisiingie ndani. Siku moja kazi, siku moja pumziko. Msimu wote wa mvua, kabla ngoma hazijawambwa. Watu walipita wakicheka.

Wewe hukucheka. Ulikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, maana kwenye kigoda usingeweza kuinuka. Uliruka ujana wako wote kwenye ardhi kavu bila kujiandaa, ukaishia kushindwa kuchuchumaa hata kupalilia pamba yako.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie upesi. Ulipozikwa, niliacha mazoezi yale. Nilijiona nimeiva. Goti lilipoanza kuuma sikuikumbuka nguzo. Nilisema wale wa ng'ambo wametufukia dawa kwenye uwanja wetu wa mazoezi. Tuliuchimba wote, Baba Kulwa, wanaume wazima na majembe ya ngoma! Tukatoa mzizi wa mkwaju na kigae cha chungu. Nikauinua ule mzizi nikasema ndio huu. Nikaenda kumwita ningi wao mchawi mbele ya wakwe zake, nusura tupigane. Mtu mwema yule, alilia sana kwenye msiba wako. Naona haya mpaka sasa.

Mama Ngolo, mke wangu, ndiye aliyenifumbua macho. Alisema, "Tangu mzee azikwe, hiyo nguzo hujaiegemea hata mara moja." Akaendelea kutwanga.

Wiki ya tatu hii nimerudi kwenye nguzo. Nashuka kidogo tu, pale maumivu yanaponiruhusu. Uvimbe umepungua, haujaisha. Na kundi linautaka ule mruko wa mwisho, ule wako, wa kutua kwa magoti yote mawili. Mganga ameshafika na wembe wake, anataka kunichanja goti nipate nguvu. Watu wameanza kukusanyika, nasikia vigelegele. Nikiruka, huenda tukashinda, nami nikarithi kinu chako na magoti yako. Nisiporuka watasema nimeogopa, na kundi ulilolijenga wewe linaweza kunihama.

Sitaruka. Nimeamua sasa hivi, nikiandika. Nitashuka na jembe mabegani, polepole, mpaka pale goti litakaponikubalia, nikae hapo wimbo mzima na kiitikio chake, kisha niinuke bila kushika chini. Wakicheka, wacheke. Na kabla ya ngoma kupigwa nitavuka uwanja nimwombe radhi yule bwana. Wakwe zake watakuwapo, wasikie.

Kwaheri, mwalimu wangu. Kila msimu wa mvua kundi lote litaegemea nguzo, nakuahidi, hata wakininunia. Na pamba ikishavunwa yote, goti likipona, nitakuja kaburini kwako kung'oa magugu. Nitachuchumaa.

Mwanao,
Masanja