Sakafu ya Mama Kapinga

Kasulo, Kolwezi, 9 Februari 2024

Mtoto wangu Naomie,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Mimi ni mzima, ni goti tu linalonikumbusha umri wakati wa mvua. Wewe je, na wanafunzi wako wa Mutshatsha, hamjambo? Josée wa makaa anarudi huko kesho, basi nakuandikia, maana kwenye simu unanikatiza kila neno.

Nina habari ya kukuchekesha. Chini ya sebule yetu kuna watu. Unajua jirani yetu Mukuna alichimba shimo chumbani mwake kutafuta kobalti. Nilimwuliza kama njia yake imefika kwangu, akaapa: “Mama, sisi tulienda ku upande ingine.” Sasa Jumatano, tulipoanza wimbo kwenye maombi ya hapa sebuleni, mtu akaitikia kwa sauti nzito kutoka chini ya sakafu. Akina mama walikimbilia mlangoni wakidhani ni pepo. Mimi nililala kifudifudi, sikio kwenye simenti. Si pepo, ni mtu, na anaimba besi kuliko Tata Muamba wetu wa kwaya. Niligonga kwa mwiko, naye akagonga. Nikapaza sauti kumwuliza ni nani.

“Ni mi, Sadrack. Mama, mwimbe tena. Huku iko giza.”

Mukuna sasa anataka nifungue shimo sebuleni, tugawane faida. Nimekataa. Baba yako alipokuwa anaugua tulisimama kanisani tukampa Mungu chumba hiki kiwe cha maombi, na kwa mdomo wangu nikasema sakafu yake haitatobolewa. Ahadi ni deni. Aliyetutunza tangu mgodi ulipomwachisha baba yako kazi hataniacha leo.

Ukuta una ufa mdogo. Usijali.

Mama yako

Mutshatsha, 20 Februari 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzima, chaki tu ndizo zilizokwisha. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilidharau.

Nilicheka habari ya Sadrack, kisha nikafika kwenye ufa na kicheko kikaisha. Nakuuliza kama binti, si kama mwalimu: unajuaje kwamba huo ni utii na si ukaidi? Mungu alisema lini habari za sakafu? Wewe ndiye uliyesema, yeye alinyamaza. Na kama ni mwaminifu, hawezi kukutunza hapa Mutshatsha, mahali ambapo ardhi imetulia? Nina chumba. Njoo.

Na huyo Sadrack ana mke? Nauliza kwa sababu nashangaa wewe, unayenitafutia mume kila siku, hukuuliza.

Mtoto wako Naomie

Mutshatsha, 18 Machi 2024

Mama,

Hujambo? Sijapata jibu na simu yako haipatikani. Josée amekuja bila barua, anasema mvua imenyesha sana na Kasulo kuna nyumba iliyotitia. Hajui ni ya nani. Nimemwuliza rangi ya mlango, hajui. Kama niliandika kwa ukali, nisamehe. Jumamosi ikifika bila neno lako napanda gari.

Mtoto wako

Kasulo, 21 Machi 2024

Naomie wangu,

Mimi ni mzima. Naliweka hilo mbele ya salamu ili upumue. Simu yangu iko ndani ya shimo. Ndiyo, shimo la sebuleni kwetu.

Asubuhi ile baada ya mvua, udongo uliporomoka ukaziba mdomo wa shimo la Mukuna. Sadrack na wenzake walikuwa ndani. Mukuna alikuja bila viatu. “Mama, nilikudanganya. Sadrack na benzake beko chini ya nyumba yako. Njia ingine haiko.” Nyuma yake walisimama wanaume na sururu, na hakuna aliyevuka mlango. Walikuwa wananingoja mimi.

Niliogopa. Niliahidi mbele ya kanisa zima. Nikamwuliza Mungu nifanye nini, na sikusikia kitu. Nilichosikia ni watu wakigonga chini ya miguu yangu. Nikasema, “Bomoeni.” Kisha nikaimba, ili walio chini wajue wachimbe kuelekea wapi, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Wametoka wote wazima, Sadrack wa mwisho. Nilitarajia jitu, kumbe mwembamba kama fito. Na ana mke, aliyejifungua majuzi tu.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema nimevunja ahadi. Wengine waliguna. Tata Muamba akauliza kwa nini sikumngoja mchungaji. Nikamjibu kwamba ahadi ilikuwa yangu, lakini wale watu walikuwa wa Mungu. Akakaa.

Sasa kuna jambo jingine. Humo shimoni umeonekana mshipa mzuri wa kobalti. Mnunuzi mmoja anasema nikimpa shimo atanijengea nyumba ya matofali ya kuchoma mtaa mwingine. Hii yetu ukuta wa nyuma umeinama, nalala kwa Mama Micheline. Wewe unaonaje?

Mama yako

Mutshatsha, 5 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama Micheline aliyekupokea. Barua yako niliisoma darasani nikalia mbele ya watoto, nao wakalia bila kujua sababu.

Umeniuliza, basi najibu: pokea. Sakafu imekwisha tobolewa, tena kwa sababu njema. Nani amesema si Mungu aliyekufungulia shimo hilo? Kwenye nyumba mpya unaweza kutoa sebule tena kwa maombi. Au nakosea wapi? Nataka kweli kujua.

Mtoto wako Naomie

Kasulo, 12 Mei 2024

Naomie mwanangu,

Amani kwako. Goti linakusalimu, limepata kazi, utaona.

Hukukosea kuuliza. Hata mimi nilitaka kupokea, nilishachagua mpaka upande wa dirisha. Lakini kabla ya kumpa mtu shimo nilitaka kujua nampa nini. Nikamwambia Sadrack anishushe. Akakataa, kwa imani ya wachimbaji: “Mama, mwanamuke haingie mu shimo, mawe itakimbia.” Nikamwambia yakikimbia tutaona yanaelekea wapi. Wakanifunga kamba kiunoni, wakanivika taa kichwani.

Nilitambaa. Njia haiishii kwetu, inakata kona kuelekea kwa Domitille, jirani wa upande wa pili, na imefika chini ya ukuta wake. Mshipa unaendelea mbele. Nikazima taa nisikilize. Juu yangu mtoto alikuwa anacheka, mwingine anamkimbiza. Tangu mwanzo nilikuwa namwomba Mungu sauti, na hapo, Naomie, sikuhitaji nyingine.

Nilipopanda nikasema shimo lifukiwe. Mnunuzi aliondoka bila kuaga. Mukuna hasemi nami. Sadrack na wenzake ndio waliofukia, kuanzia upande wa Domitille, wakishindilia kwa magogo, na mawe ya thamani wakayarudisha humo humo. Mmoja wao alilia akiyatupa, nikamwacha alie, hata mimi nilikuwa karibu.

Nyumba mpya sina. Ukuta wa nyuma umeanguka, tunaomba sebuleni upepo ukipita. Utaniuliza uaminifu wa Mungu uko wapi hapo, nami bado namwuliza. Ninalojua ni kwamba kila asubuhi naona la kumtii, na sijalala njaa.

Leo Domitille amekuja mlangoni amekasirika. Vumbi la udongo wetu limechafua nguo za watoto alizoanika. “Mama Kapinga, na hii miaka yako yote, hauone haya?” Nimemwomba msamaha, nimezichukua nikazifua upya. Ni nguo ndogo sana, Naomie. Zimekauka upesi.

Mama yako