Kiti Kinachotazama Nyuma

Kashai,
Bukoba.
16 Julai, 1968.

Mpendwa mdogo wangu Mwijage,

Nakusalimu kwa moyo wote, waitu, ndugu yangu. Hiyo baridi ya Denmark imepungua? Na kile kifua ulichokilalamikia kimepona? Sisi huku tu wazima. Mama yuko Kanazi, magoti yanamsumbua, lakini kila asubuhi yumo migombani na hataki msaada wa mtu. Mkeo Kokuberwa ni mzima. Binti yako Kemilembe naye ni mzima, na maneno hayo uyashike vizuri unapoendelea kusoma, maana nina jambo juu yake na nimekasirika sana.

Kahawa tunaanika sasa. Imezaa vizuri. Habari za bei nitakuandikia siku nyingine, leo hasira yangu ina kazi.

Ulituandikia tuchague mashua ya familia: ituchukue sote hadi Bumbire kwa dada yetu Theopista aliyeolewa huko, tuweze kulala humo ikibidi, na siku za mapumziko iwavute watoto kwa kamba juu ya ubao, kama ulivyowaona watu wa huko wakifanya. Wengi walidhani nitapinga, kwa kuwa husimama mikutanoni kulitetea Azimio la Arusha. Sikupinga. Nani aliyesema mkulima amezaliwa kubeba magunia tu, na kucheka juu ya maji ni kwa wenye maduka na wazungu? Starehe si dhambi. Dhambi ni kuifanya kijinga.

Tulipata mashua mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya Dhirajlal, yule muuza vitambaa, ambaye anahamia Mwanza na familia yake. Ni pana, ina paa la turubai na benchi ndefu za kulalia. Injini yake si ya kujivunia, ila inamwinua mtu juu ya ubao bila taabu. Na nyuma kabisa kuna kiti kimoja kilichofungwa kinyume, kinatazama nyuma.

Kaka yako Datius alipokiona alicheka. "Mama Jyoti, fundi wa kiti hiki alikuwa amelewa rubisi?"

Sushila, mke wa Dhirajlal, akamjibu, "Kiti changu hicho. Baba Jyoti anaendesha, mimi natazama mtoto anayevutwa."

"Sisi tumepata uhuru, mama. Hatutazami tulikotoka."

Watu wakacheka, naye akajiona amesema neno la maana. Huyo ndiye kaka yako.

Ya pili ni ya bwana mmoja wa mjini. Nyekundu, nyembamba kama samaki, injini kubwa kupita haja, na viti vyote vinatazama mbele. Pa kulala hapana, kivuli hakuna. Datius aliipenda kama bwana harusi.

Jumamosi tukaenda kuijaribu. Datius alishika usukani, rafiki zake wawili wakakaa karibu naye. Mimi sikupata kiti, nikakaa nyuma juu ya kreti ya soda, nikawapa mgongo. Kemilembe alianza kwa kulala juu ya ubao, kisha akapiga magoti, kisha akasimama. Ndugu yangu, nilisahau ugomvi wangu wote na dunia. Mtoto alisimama juu ya ziwa, wima, anacheka.

Kisha wimbi likampiga na kamba ikamponyoka. Nikaona kamba tupu inarukaruka juu ya maji.

Nikapiga kelele, "Datius, simama! Mtoto ameanguka!" Injini inanguruma. Datius, bila kugeuka, akawaambia wenzake, "Dada amepanda jukwaani." Nikapiga kelele tena. Mmoja akainua mkono, naye bila kugeuka. "Endelea, mama, tunakusikiliza." Walidhani nahutubia. Mtoto wa watu yumo ziwani, na wao wanadhani nahutubia juu ya ushirika.

Nikainuka, nikamvua Datius kofia yake, nikaitupa majini. Hapo ndipo alipogeuka. Aligeuka kwa ajili ya kofia.

Tulikuwa tumefika karibu na kisiwa cha Musira. Tukarudi tukimtafuta, mimi nikiomba rozari na kutukana kwa zamu. Tulimkuta ameukumbatia ubao wake, anatetemeka. Hakulia. Aliniambia tu, "Shangazi, nilikuwa nasikia sauti yako, baadaye ikapotea."

Sasa sikia kilichonichoma zaidi. Jumapili tulikaa kikao kwa Mama. Datius akasema ilikuwa ajali ndogo, na kosa ni langu. "Kila siku unapiga kelele, dada. Juu ya ushirika, juu ya barabara, juu ya padre. Tutajuaje ipi ni ya kweli?"

Nikamwambia, "Zote zilikuwa za kweli."

Na bado anaitaka ile nyekundu. Anasema atafunga kioo cha kutazamia nyuma. Kioo! Namjua Datius: kioo hicho kitayaona masharubu yake tu. Nimesoma vitabu vingi vinavyogombania nani ashike usukani. Sikumbuki hata kimoja kilichouliza nani anamtazama anayevutwa.

Kikao kinangoja neno lako, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchango ni yako na mtoto ni wako. Mimi nataka ya Dhirajlal, na kiti chake kibaki kama kilivyo. Atakayekikalia awe na amri ya kusimamisha injini, hata akiwa mwanamke, hata akiwa mtu aliyewachosha masikio.

Nilimuuliza Kemilembe kama atakubali kuvutwa tena. Nilidhani atakataa, nami nilikuwa tayari kumtetea. Akasema, "Nataka. Lakini mashua nichague mimi."

Kwa hiyo jibu lako usimwandikie Datius, wala mimi. Mwandikie yeye, umuulize anataka ipi. Atasimama kikaoni na kuisoma barua hiyo kwa sauti yake, kisha atasema lake, nami nitafunga mdomo mpaka amalize.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko unapata ndizi. Kokuberwa na Theopista wanakusalimu sana. Hata Datius anakusalimu, namwandikia salamu zake kwa kuwa ni haki yake. Mungu akufunike kwa mkono wake, akurudishe kwetu ukiwa na elimu na kifua kizima.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata siku za hasira,

Celina Kokuhirwa