Mkebe wa Chai wa Tjark

Leer, Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Okka,

Watu wengi wanaosafiri kwa kubana matumizi hukosea jambo moja: humwogopa mgeni anayewaomba kitu, na humwamini yule anayetangulia kuwaamini wao. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minane, nimewapeleka wanafunzi nchi sita kwa treni, na jambo hilo sikulijua mpaka Septemba hii. Nitakueleza kwa nini nalitaja. Niruhusu kwanza nikujulie hali.

Magoti yako yanaendeleaje tangu baridi ianze? Yule daktari mpya amekubali kukuongezea siku za kukandwa, au bado anakwambia utembee tu? Na paa la kibanda cha baiskeli, upepo wa juma lililopita umelibakiza? Mimi sijambo, ila kikohozi changu cha kila vuli kimekuja na mizigo yake yote. Jirani yangu Bi Harms huniletea supu ya kabichi, na kila akiileta hunikumbusha kwamba mwanamume aliyefika miaka sabini na sita bila kujua kupika kabichi hana haki ya kuwasahihisha wenzake tahajia. Nimenyamaza, maana supu ni nzuri.

Jumapili iliyopita nilipokuja kwako kunywa chai, nilikawia mlangoni nikivua viatu. Ulidhani kamba zimenishinda. Okka, nilikuwa nakusikiliza. Ulikuwa peke yako na ule mkebe dirishani, umemwekea marehemu ndugu yetu Tjark kikombe chake chenye ua la buluu, bonge la sukari chini na maziwa mazito juu, kama mama alivyotufundisha. Nilikusikia ukisema, "Tjark, nijibu basi, hata kwa matusi kama zamani." Kisha ukamwomba msamaha kwa yale uliyomwambia siku ilipouzwa nyumba ya baba, na kwa simu zote ulizoziacha zilie kwa miaka kumi na moja.

Nilipoingia ulikuwa unamwaga chai iliyopoa na kumimina nyingine. Ukaniambia kwa utani kwamba kwetu mgeni akishiba chai huweka kijiko ndani ya kikombe, na asiyeweka huongezewa. Sasa huyu hana mkono wa kushika kijiko, kwa hiyo utamwongezea tu mpaka Jumapili ijayo, Hinrich atakapokuja na mashua kumpeleka baharini. Nilicheka pamoja nawe.

Sasa nakueleza kwa mpangilio, maana nikiruka hatua moja nitapata mahali pa kutorokea, kama nilivyotoroka kwa wiki saba.

Unakumbuka ulitaka kunikatia tiketi ya treni ya kasi ya kwenda na kurudi Basel. Nilikataa kwa maringo. Nilikwambia kwamba kwa tiketi ya kundi, ile ya watu watano kwenye treni za polepole, mtu mwenye subira anaweza kuvuka nchi nzima kwa bei ya chakula cha mchana. Kazi yake ni kutafuta wenzake wanne stesheni. Ulinitania kwamba nitafika nikiwa na mvi mpya. Nilifika Basel salama, na jirani yake Tjark, Bi Zumsteg, akanikabidhi majivu ya mwili wa Tjark uliochomwa alipofariki. Kule Uswisi ndugu hukabidhiwa majivu kama kifurushi cha posta. Huku kwetu sheria inayataka yalale makaburini, wala huruhusiwi kuyaweka nyumbani au kuyabeba mkobani. Ndiyo maana tulikubaliana mimi na wewe kuyatia katika mkebe mwekundu wa chai, tusimwambie mtu. Nilifanya hivyo mezani kwa Bi Zumsteg, kwa kijiko, bila kumwaga hata punje.

Asubuhi ya Jumamosi, nikianza safari ya kurudi, nilisimama stesheni ya Basel na tiketi yangu ya kundi. Vijana watatu wa chuo walijiunga upesi. Wa tano alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sanduku la kijani la magurudumu. Alinisalimu "moin", kama tunavyosalimiana sisi wa pwani asubuhi na jioni, akaniuliza, "Mwalimu, umebakiwa na nafasi?" Nilimuuliza amejuaje kuwa mimi ni mwalimu. Akajibu kwamba hakuna mtu mwingine anayesafiri na kalamu tatu mfukoni. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa.

Unajua kanuni: kila msafiri lazima aandikwe jina kwenye tiketi kabla treni haijaondoka. Nilimpa kalamu. Aliandika Adelheid Brunken kwa mwandiko uliosimama sawasawa, wa shule za zamani, na Brunken ni jina la watu wa kwetu. Hapo ndipo nilipoacha kuwa macho. Sisi tumelelewa kuiamini karatasi, Okka. Mtu akishaandika jina lake kwa wino mahali panapotakiwa, tunaona tayari tunamfahamu.

Tulipofika Karlsruhe aliniomba nimtazamie sanduku wakati anakwenda kununua mikate; akarudi na miwili, mmoja wangu. Huko Frankfurt vijana walituaga wakashuka, na yeye akaniachia tena sanduku, akaenda kunawa. Mara mbili aliniachia mali yake bila kugeuka nyuma. Mimi mkoba wangu, wenye mkebe ndani, ulikuwa mapajani tangu asubuhi, nikaanza kuona haya kwa kumfanyia ubahili wa imani. Naye akazidi kunichokoza: "Umeukumbatia huo mkoba kama bibi harusi! Ukienda chooni utaingia naye?" Wenzetu behewani wakacheka. Nami nikacheka.

Kwenye stesheni ya Göttingen tulikuwa na dakika arobaini za kubadilisha treni. Unajua hali ya kibofu cha mzee. Choo kilikuwa mbali, ngazi zilikuwa ndefu. Nilimwachia mkoba.

Niliporudi, sanduku lake la kijani lilikuwa kwenye benchi. Yeye hayupo, mkoba haupo. Na hapa utanijua vizuri zaidi kuliko miaka yote tuliyoishi pamoja: nilikaa nikalilinda sanduku lake. Nilijiambia amekwenda kunitafuta, amechukua mkoba ili usiachwe peke yake. Treni yetu ikaja, ikaondoka, nami nimeshika mpini wa sanduku la mwizi ili wezi wasiliibe. Saa nzima ilipita ndipo nikalifungua. Ndani mlikuwa na magazeti ya matangazo na mto wa kulalia usio na foronya.

Polisi wa stesheni, binti mpole, alinisikiliza. Nilimpa tiketi, nikamwonyesha jina. Akaniambia, "Babu, jina hilo hata mimi naweza kuliandika." Akaniuliza mkobani mlikuwa na nini. Okka, ningesema kweli ningekiri kosa la kisheria, na kukutia na wewe ndani yake. Nikasema sweta, ndara na mkebe wa chai. Akaandika. Akanitia moyo kwamba, afadhali, chai hununuliwa tena.

Nilizunguka mapipa yote ya taka ya stesheni ile, nikiinua vifuniko kimoja kimoja. Mlinzi, akinidhania mwokota chupa, akanikaripia, "Mzee, chupa tupu zimeshaokotwa asubuhi!" Nilirudi siku tatu baadaye, na juma lililofuata tena, nikabandika tangazo la mkebe wa chai uliopotea. Mtu mmoja akaandika chini yake kwamba yeye amepoteza kikombe. Bila shaka mwanamke yule aliufungua mkebe akakuta vumbi la kijivu. Unajua kama nijuavyo alilifanya nini.

Kilichoko dirishani kwako ni majivu ya jiko langu. Ni ya kuni za miti ya mbao ngumu nilizoletewa na Bi Harms. Niliyachekecha kwa chekecheo la unga mara tatu ili yawe laini, nikayatia katika mkebe wangu mwenyewe, kwa kuwa kila nyumba ya kwetu ina mkebe kama ule. Nilipokukabidhi uliubusu, nami nikakutazama.

Nilidhani hilo ndilo zito kuliko yote, na kwamba ningeliacha likaenda na maji Jumapili pasipo mtu kuumia. Lakini baada ya kukusikia ukimwomba akujibu, siwezi. Bi Zumsteg alinikabidhi kitu kingine pia. Ilikuwa bahasha, imeandikwa kwa mkono wa Tjark: Kwa Okka, mkononi mwake. Ilikuwa nene, karatasi nne au tano. Bi Zumsteg alisema aliiandika kwa siku kadhaa, akipumzika katikati. Niliilaza mkobani, chini ya mkebe. Sikuifungua, maana haikuwa yangu, na njia nzima nilijiona mtu mwaminifu. Laiti ningekosa adabu mara moja tu maishani, leo ningekuwa na maneno yake ya kukupa. Sina hata moja. Alikujibu, Okka. Jibu lako nililiacha kwenye benchi.

Siombi unisamehe, umeshaomba msamaha wa kutosha mahali pasipo mtu, sitaki kukuongezea kazi. Hinrich nimemwandikia leo kwamba Jumapili asije, nikamwambia kwamba sababu ataelezwa baadaye, na wewe au na mimi. Ukitaka nije, nitakuja. Ukitaka nisije tena, nitaelewa, na supu ya Bi Harms itanitosha.

Wasalimie wajukuu, na umwambie Tomma kwamba ramani yake nimeisahihisha na iko tayari. Jifunike magoti vizuri. Na leo, ukimaliza kusoma barua hii, weka kijiko ndani ya kikombe cha Tjark.

Kaka yako,
Folkert